Jogoo Aliyehamishwa kwa Kosa la Kuimba

Zamani zile za Mwingereza, pale kahawa ilipoanza kuwavalisha soksi wanaume wa Hasamba, Sikukuu ya Mavuno ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kila usharika ulitakiwa kuja na wimbo mpya. Si wa kitabuni, wala si wa mwaka jana uliogeuzwa ndani nje kama koti la marehemu. Mpya, wenye harufu ya mahindi ya mwaka ule. Usharika uliokuja mikono mitupu haukufukuzwa, maana wale walikuwa Wakristo. Ulipewa madebe. Wanakwaya wake waliteka maji, wakapasua kuni, wakawahudumia wenzao hadi wa mwisho alipopangusa mdomo, ndipo nao wakaruhusiwa kukomba masufuria.

Hasamba hawakuwahi kushika debe. Hasamba walikuwa na Hezron.

Hezron alikuwa kijana wa makamo, mrefu, mwenye shingo ya mtu anayechungulia ugomvi wa jirani. Nyimbo zake alizitunga akipalilia kahawa. Mtu akikohoa shamba la pili, Hezron alikichukua kile kikohozi akakigeuza kiitikio. Wanawake wakigombana mtoni, naye akapita, walijua ugomvi wao utarudi Jumapili umevaa nguo za kanisani. Karatasi hakuitaka. Alimwimbia yeyote aliyekuwa karibu, na kama mtu yule hakutikisa kichwa, wimbo aliuacha palepale pamoja na magugu.

Mwaka uliotangulia, wimbo wake ulipendeza hata mchungaji akaomba uimbwe tena baada ya chakula, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa kuwa baada ya chakula mchungaji husinzia. Wazee wa kanisa wakarudi Hasamba vifua mbele. Mkuu wao, Mzee Anania, alikuwa na miwani ambayo hakuisomea kitu, bali aliivaa kila alipotaka kutoa uamuzi. Akaivaa.

"Huyu mtu ni hazina," akasema. "Na hazina haipalilii."

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana heshima ikizidi nayo ni mzigo. Kahawa ya Hezron ikapaliliwa na wanakwaya kwa zamu. Ghala la Mzee Anania likaondolewa magunia, likafagiwa, likawekwa meza na kiti, karatasi na penseli yenye rangi nyekundu. Hezron akaambiwa: kaa humu, utunge. Na ili atunge vizuri, wazee wakatangaza kimya. Watoto wakachungie mbuzi ng'ambo ya mto. Wanawake waliozoea kusaga nyuma ya ghala wakatafute mawe mengine. Hata anayetaka kupiga chafya aende mbali kidogo.

Akabaki jogoo.

Jogoo yule alikuwa mali ya Ketrina, bibi yake Hezron, mama wa baba yake. Alikuwa mwekundu, mwenye kiburi, na hakuheshimu matangazo. Aliwika alfajiri kama wenzake, akawika tena saa ya uji, akawika kila alipoona kitu kinachostahili kutajwa, na kwake yeye vitu hivyo vilikuwa vingi. Wazee wakakaa kikao. Jogoo akahukumiwa kuhamishwa. Akafungwa miguu, akabebwa kichwa chini hadi Itaka kwa binti yake Ketrina aliyeolewa huko, akae hadi wimbo utakapopatikana.

"Kosa lake ni nini?" Ketrina aliuliza.

"Kelele, mama," akajibu Mzee Anania.

"Kelele." Ketrina akalitafuna neno lile kwa meno yake machache. "Haya. Wenye miwani mmeona."

Ndani ya ghala, Hezron akachonga penseli. Akaitazama. Akaichonga tena. Akaandika *Ee Bwana*, akangoja. Neno lililofuata halikuja. Akachukua karatasi nyingine, huenda ile ya kwanza ilikuwa na mkosi, akaandika *Ee Bwana*. Nje palikuwa kimya mpaka alisikia tumbo lake likimeng'enya. Alipochungulia dirishani aliona watu wakipita kwa ncha za vidole kama wanapita kwenye msiba, na mmoja wao akamwonyesha mwenzake ghala kwa kidevu: humo, humo ndimo anamotunga. Hezron akarudisha kichwa haraka.

Chakula kilikuja bila kukosa. Kuku wa karanga, maharage yaliyoungwa kwa maziwa, ugali mweupe kama wa arusi. Kila sahani iliwekwa mlangoni na mama aliyenong'ona, "Kula, mtunzi wetu," na kila sahani ilimkaa Hezron shingoni kama deni. Shati lake likaanza kugombana na vifungo. Penseli ikawa fupi kuliko kidole gumba. Wimbo haukuja.

Mzee Anania alipoingia kumtazama, alikuta karatasi zimejaa mezani, na zote zimeandikwa *Ee Bwana*. Akatoka polepole akiwa ameshika kofia kifuani, akawaambia wenzake, "Msimguse. Anasali kwa maandishi."

Siku zikaenda. Sikukuu, ambayo mwaka ule ilikuwa ifanyike Itaka, ikawa ya kuhesabiwa kwa vidole. Ndipo alipofika Jairo.

Jairo ndiye aliyeongoza kwaya ya Itaka. Mnene, mcheshi, sauti nzito, na kila mwaka alishindwa na Hezron akacheka kwa sauti kuliko wote. Alikuja amebeba debe jipya linalometameta, akaliweka juu ya karatasi za *Ee Bwana*.

"Nimekuletea zawadi," akasema. "Mto wetu una kilima. Nikasema, rafiki yangu asije akapata shida, limezungushiwa waya laini hapa juu lisikuchubue."

"Nani kakwambia sina wimbo?"

"Sijaambiwa. Nimepita kijiji kizima na sijasikia mtu hata mmoja akipiga mluzi. Zamani nikija huku nilirudi nimeibiwa usingizi na vibwagizo vyako. Leo hata mbwa wenu ananong'ona." Akamtazama Hezron tumboni. "Ila umependeza. Bega limepata nyama. Litashika debe vizuri."

Hezron alitaka kumrudishia maneno, maana zamani hakushindwa na Jairo kwa maneno. Akafungua mdomo. Hakuna kitu. Hata kicheko cha Jairo kilikatika, akamwangalia mwenzake kama anavyoangaliwa mgonjwa, akasema kwa upole, "Pole, ndugu yangu." Pole ile ikamuuma Hezron kuliko debe. Jairo alipoondoka, Hezron aliketi akafikiri kwamba labda nyimbo nazo zina mwisho wake, kama maziwa ya ng'ombe, na kwamba yeye amekauka, na wanakwaya wote waliopalilia shamba lake watapanda kilima cha Itaka na maji kichwani kwa ajili yake.

Kesho yake asubuhi, nyuma ya ghala, jiwe la kusagia likaanza kuguruma.

Mzee Anania alifika mbio akiwa na soksi mguu mmoja. Alimkuta Ketrina amepiga magoti, anasaga ulezi.

"Mama, si tulikubaliana wanawake wasage mbali?"

"Wanawake, ndiyo. Mimi ni kikongwe."

"Jiwe lingine liko kwa Ferista."

"Magoti yangu hayalijui jiwe la Ferista. Magoti haya na jiwe hili wamekaa pamoja tangu kabla hujaota meno. Unataka kuvunja ndoa?"

Mzee Anania akatafuta miwani, hakuwa nayo, akasema basi, mama asage kwa sauti ya chini. Ketrina akakubali kwa unyenyekevu mkubwa. Mzee alipotoweka, bibi akaanza kuimba, kama wanawake wanavyoimba wakisaga, polepole, kama mtu asiye na habari na mtu:

*Aimbaye kahamishwa, kapelekwa Itaka,*
*Asiyeimba yuko ndani, analishwa kuku na mchuzi wake na karanga juu yake na kiti cha kukalia pia.*

Mstari wa kwanza ulitembea vizuri. Wa pili ulikuwa kama mtu anayesukuma mbuzi mzima apite mlango wa banda la kuku. Pumzi ilimwishia Ketrina kwenye karanga, akavuta nyingine katikati ya neno, akamalizia "cha kukalia pia" kwa mbio huku jiwe limeshamwacha nyuma.

Ndani, Hezron alishtuka. Si kwa matusi. Matusi ya bibi yake alikuwa ameyazoea. Bibi na mjukuu ni watani, naye tangu akinyonya alikuwa akiitwa "mume wangu" na kulaumiwa kwa uvivu wa kutafuta mboga. Kilichomshtua ni ule mstari. Ulimkaa kama changarawe ndani ya kiatu.

Bibi akaurudia. Ulichechemea palepale.

Hezron akaziba masikio kwa viganja. Akaja Roda, mkewe, na mtoto wao Nesta mgongoni, kumsaidia bibi kupepeta, na Ketrina akamfundisha. Roda akauimba vilevile, na kilema chake chote. Akaja Ferista mwenye jiwe lingine, kuuliza kwa nini jiwe lake limedharauliwa, akakaa, akafundishwa. Sasa walichechemea watatu, na kila walipofika kwenye karanga walivuta pumzi pamoja, na kufika kwenye kiti walikimbizana kama kondoo walioona fisi. Mtu aweza kuvumilia njaa, aweza kuvumilia wakwe. Lakini mtunzi hawezi kuvumilia mstari mbovu unaoimbwa kwa furaha.

Mlango wa ghala ukafunguka kwa kishindo.

"Bibi."

"Abee, mume wangu. Umetoka? Nilidhani umeshageuka gunia."

"Huo mstari wa mwisho."

"Una nini?"

"Mrefu."

"Na wewe mrefu. Mbona hatukukukata?"

Ferista akaficha uso kwenye ungo.

"Bibi, sikiliza. Pumzi inaisha kabla ya wimbo. Toa hayo ya mchuzi."

"Mchuzi siutoi. Mchuzi ulilambwa, watu waliona sahani."

"Basi toa karanga."

"Karanga nilizimenya mimi mwenyewe, na vidole hivi. Zikitoka karanga, na mimi natoka."

"Kiti basi."

"Kiti ni cha Mzee Anania. Kamwombe ruhusa."

"Yaani huoni?" Hezron akapandwa na hasira, na hasira ikamfanya asahau yeye ni hazina. "Jiwe linakwenda mbele, linarudi. Neno nalo liende mbele, lirudi. Wewe jiwe limerudi, neno bado liko njiani linatafuta kiti. Sogea."

Akapiga magoti, akashika jiwe.

Katika Hasamba nzima hapakuwa na mwanamume aliyewahi kusaga mbele ya macho ya watu. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na jembe alisimama, akalitua jembe taratibu, akaita wenzake kwa mkono. Roda akashika kiuno.

"Baba Nesta, unasaga?"

"Sisagi. Namwonyesha."

"Unga unatoka."

"Nyamaza kwanza, nilisikie jiwe." Akasukuma jiwe. "*Aimbaye kahamishwa.* Unaona? Hapo linarudi. *Kapelekwa Itaka.* Sasa, *asiyeimba yuko ndani*, rudi, *analishwa kuku.* Basi. Mwisho. Kuku anatosha, watu watajua mchuzi upo."

"Fupi hivyo?" Ketrina akasema kwa huzuni. "Wimbo wangu umebaki na mguu mmoja."

"Si ndiyo maana unahitaji mwingine."

"Mimi mjane nitautoa wapi?"

Mkono wa Hezron ulikuwa umeshakwenda mbele na lazima kitu kirudi nao. Akaimba kwamba jiwe nalo linashukuru, linaguruma. Akasukuma tena. Mtoto Nesta mgongoni kwa mama yake akaanza kulia, na Hezron, bila kuinua kichwa, akamwingiza: mtoto naye anashukuru, analia. Ferista akatikisa ungo wenye ulezi, *chwaa, chwaa*, akaingizwa na ungo wake. Watu walishajaa. Wale waliokuwa wamenong'ona tangu wazee watangaze kimya waliachia vicheko vyote walivyodunduliza.

Mzee Anania akatokea safari hii na miwani, ameghadhibika, akapasua sauti kutoka kwenye migomba:

"Nani hapa hajanyamaza?"

Hezron akainua shingo ile ndefu. Uso wake ulikuwa na unga hadi kwenye nyusi. Wale waliomjua tangu zamani walisema baadaye kwamba waliliona lile jicho, jicho la kuchukua kikohozi cha watu. Akaligeuza swali la mzee ndani nje na kulirudisha kwa sauti:

*Mahindi yamejaa ghala, nani amenyamaza?*
*Jogoo anashukuru, nani amenyamaza?*
*Na jiwe linashukuru, nani amenyamaza?*
*Ni mimi, Bwana, niliyeshiba nikanyamaza.*

Roda akakipokea kiitikio, na Ferista, na mwenye jembe, na uwanja wote.

Mzee Anania alisubiri wamalize. "Ni mzuri," akasema. "Lakini jogoo, kanisani?"

"Kwani Petro aliamshwa na nani?" akauliza Ketrina. "Au ile sura uliisoma bila miwani?"

Ilionekana kwamba kiatu kimoja cha mzee, kile chenye soksi, kilikuwa bado kinapiga chini kwa mapigo ya jiwe, na mwenyewe hakuwa na habari nacho.

Hezron hakurudi ghalani hata kuchukua penseli. Kwaya ilifundishwa hapohapo, watoto wakirudishwa kutoka ng'ambo ya mto, mbuzi wakipita katikati ya sauti ya tatu na ya nne. Ngoma wazee hawakuiruhusu. Ila hakuna mzee aliyekuwa amewahi kukataza ungo, hivyo nyungo zikapangwa mstari wa mbele. Karatasi za *Ee Bwana* Ketrina alizikusanya, akafungia ugoro wake. Tangu siku hiyo, kila alipopiga chafya, sala ilikuwa tayari mkononi.

Siku ya sikukuu walitoka Hasamba alfajiri, wakafika Itaka vumbi magotini. Debe walikuwa wamelirudisha. Jairo alilipokea kwa heshima, akalisimamisha mlangoni mwa kanisa mahali ambapo kila mtu wa Hasamba angelipita na kulitazama.

Ketrina hakuingia na wenzake. Alisema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Aliporudi alikaa kiti cha nyuma kabisa, na kwapani, ndani ya kaniki, alikuwa amempakata jogoo.

"Bibi, humo una nani?" Roda akanong'ona.

"Mfungwa. Amekuja kusikiliza kesi yake."

Itaka wakaimba kwanza, kama wenyeji. Jairo alikuwa ametunga wimbo wa mvua ya usiku, mtulivu sana, wenye mahali pa kunyamaza ambapo msikilizaji alitakiwa asikie matone moyoni. Walipofika pale, kanisa zima likashika pumzi. Ketrina akalegeza kaniki kidogo, kwa sababu ya joto. Jogoo akaona kanisa, akaona kofia za akina mama, akaona kwamba hapa pana mambo yanayostahili kutajwa. Akawika.

Jairo hakukata wimbo, sifa hiyo apewe. Lakini mabega yake yalitikisika hadi mwisho, na matone ya mvua yalimalizikia kwenye kicheko.

Ndipo Hasamba wakasimama. Nyungo zikalia. Hezron akatoa mstari wa kwanza, na kilipofika kiitikio hakukuwa na haja ya kukifundisha. *Nani amenyamaza?* Akina mama wa Itaka wakajibu. Watoto wa madirishani wakajibu. Alipofika kwenye *jogoo anashukuru*, jogoo mwenyewe akajibu tena kwa wakati wake, si mbele wala nyuma, na watu wakasimama wote. Kwenye mstari wa mwisho, *ni mimi, Bwana, niliyeshiba nikanyamaza*, Hezron aliushusha polepole, macho chini. Wale waliokuwa na habari za ghala walijua hakuwa anaigiza, na baadhi yao wakafuta macho huku wanacheka.

Mchungaji aliomba urudiwe baada ya chakula. Wakati wa chakula Jairo alipotea. Alirudi akipanda kilima, debe begani, anahema, maji yanamwagikia mgongoni. Akamnawisha Hezron mikono mbele ya watu.

"Wewe ulikuwa na wimbo," Hezron akasema. "Hukupaswa kubeba."

"Debe nimenunua mimi," Jairo akajibu. "Lingebebwa na nani? Nawa upesi, bega limechubuka. Ule waya si laini hata kidogo."

Jioni wakashika njia ya nyumbani. Mzee Anania alikuwa mbele, akiwaeleza wenzake kwamba hazina ikipewa ghala kubwa zaidi, mwakani itazaa zaidi, na hakuna aliyemsikiliza. Hezron alitembea katikati, akilichukua hili na lile: kwato za mbuzi wa mtu, mlango uliolia mahali, mama anayeita mtoto. Tayari alikuwa na kitu ulimini.

Nyuma kabisa alikuja Ketrina na jogoo wake kwapani. Alidhani ameachwa peke yake. Akaanza kujiimbia kwa sauti ya chini, ule wimbo wake wa kwanza, mzima, mchuzi wake na karanga zake na kiti chake. Na tazama, haukuchechemea popote. Aliyagawa yale maneno marefu katika pumzi moja kama mtu anayemimina asali, kila neno likatua mahali pake, likaenda mbele, likarudi.

Hezron akasimama. Akageuka taratibu.

Ketrina alimwona. Hakubadili hata hatua. Ila alipofika kwenye karanga akavuta pumzi kubwa katikati ya neno, akakimbiza kiti hadi kikaanguka, akakohoa.

"Umeona, mume wangu?" akasema. "Bado unanishinda huu wimbo. Uzee."